Mkavu na Bati la Banda la Kuku

Mume wangu hajui kukaa. Mwaka wa thelathini na mbili huu tumeoana, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa kwenye kiti. Nusu anainywa mlangoni, nusu anaimalizia uani, na kikombe mimi ndiye ninayekiokota jioni juu ya injini ya mtu. Gereji walimpa jina la Hatulii siku ya pili tu ya kazi, na hata mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliyempa jina zuri la marehemu baba yake, mwishowe alikuwa akisimama getini anaita, "Hatulii yupo?" Nilidhani nimeshamzoea. Kumbe miaka yote ile alikuwa ametulia. Kutotulia kwenyewe nilikuja kukuona wiki ile ya bati.

Ngoja nianze vizuri, maana mimi nikiwa na jambo moyoni huwa naanzia mwisho. Yeye ni fundi magari, mimi ni fundi cherehani. Tuna vyumba vitatu na baraza. Barazani kuna cherehani yangu na meza ya kukatia nguo, na uani, chini ya paa alilolijenga mwenyewe, ndiyo gereji yake. Kona ya nyuma, karibu na tangi la maji, kuna banda langu la kuku. Banda lile nililipigilia kwa mkono wangu nikiwa na mtoto wa kwanza mgongoni, na paa lake lilikuwa bati moja zito, zuri, lenye kingo zilizokunjwa, ambalo Hatulii aliniletea kutoka kazini baada ya mimi kumpigia kelele wiki mbili kwamba mvua inaniulia vifaranga. Lilikuja na matundu yake tayari, nikapitisha misumari humo humo na kumshukuru Mungu. Mabati ya nyumba tumeyabadilisha mara mbili tangu wakati huo. La kuku halijawahi kupata hata kutu.

Sasa gari. Gari lenyewe lina umri wa kumzaa babu yangu. Ni gari la wazi la safari, la enzi zile ambazo mwenye nacho akitaka kwenda mbali alipakia familia nzima, akakunja paa la turubai nyuma, wakala upepo. Lina milango minne, viti viwili virefu na taa mbili kubwa za shaba. Pua yake imeinama na haina ule wavu wa mbele unaouona kwenye magari mengine, kwa sababu nyuma ya wavu huwa kuna rejeta, na gari hili halina rejeta. Halitumii maji hata tone. Ndiyo maana tukaliita Mkavu. Kila anayeingia uani huuliza maji yanawekwa wapi. Kaka yangu, ambaye hakuna asichokijua duniani, alilizunguka robo saa nzima na jagi mkononi akitafuta kifuniko, mwishowe akayanywa yeye.

Hatulii akianza kulieleza, chai inapoa. Waliolibuni, anasema, walijiuliza kwa nini mtu ahangaike kubeba maji na upepo upo bure. Maji huvuja, huchemka, na kwenye nchi za baridi huganda yakapasua chuma. Basi wakazipanga silinda sita mstari mmoja, kila moja imesimama peke yake, na kila moja wakaivika mapezi membamba ya chuma kutoka shingoni mpaka kiunoni ili joto lipate pa kutokea. Lile gurudumu zito la nyuma ya injini wakalitia mapanga, likawa feni. Na feni hiyo haipulizi, inavuta. Inavuta upepo kutoka puani, unapita kwenye mapezi, unashuka chini na kutokea nyuma pamoja na joto lake. Hata fremu yake ni ya mbao, kwa sababu mbao hukubali kupinda kidogo barabara ikiwa mbaya, na gari jepesi haliichoshi injini. Mimi ni mtu wa vitambaa, lakini hilo nililielewa upesi. Nguo isiyopitisha hewa humpika anayeivaa.

Gari lilikuwa la mwenye gereji aliyemwajiri mume wangu ujanani. Alilirithi kwa baba yake na alilipenda kuliko baadhi ya wanawe. Aliyekabidhiwa injini yake alikuwa mmoja tu, Fundi Mkuu, na chini yake mume wangu. Huyo Fundi Mkuu ndiye aliyemfundisha Hatulii kazi yote, kuanzia kuosha nati mpaka kuisikiliza injini na kujua inapoumwa kabla hajafungua boneti. Hakumzaa, lakini sisi wengine hatukuiona tofauti. Wanangu wanamwita Babu, na hakuna aliyeoa au kuolewa kwangu bila kwanza kwenda kukaa mbele yake.

Ikatokea Jumamosi moja, miaka thelathini na moja iliyopita. Mwenye gereji alikuwa na wageni na akataka wapandishwe mlimani kwa Mkavu. Fundi Mkuu akashika usukani. Katikati ya mlima, kwenye kona yenye kidaraja, injini ilitoa mlio mmoja mbaya ikagoma. Silinda mbili za nyuma zilikuwa zimeungua na pistoni zimeng'ang'ania humo humo. Oili iliyobaki ilikuwa kidogo na nyeusi tii, na gereji, juu ya meza ya kazi, wakalikuta kopo la oili likiwa nusu, oili ambayo walisema ilipaswa kuwa ndani ya injini. Hukumu haikuchukua muda: Fundi Mkuu kasahau kuongeza oili. Alifukuzwa mchana ule ule mbele ya wageni na mafundi wote. Mwenye gereji alimwambia hata mpishi hasahau mafuta. Na kilichomkata maini mzee ni kwamba hakuweza kujitetea. Asubuhi ile, kopo likiwa mkononi, aliitwa ofisini kupokea simu, na aliporudi kichwa chake hakikukumbuka tena kama alikuwa ameshamimina au bado.

Hakushika spana tena. Alimkabidhi Hatulii sanduku lake la zana, akasema mkono uliosahau oili hauna haki ya kufungua injini ya mtu. Akaenda kulinda geti la shule mpaka akastaafu. Lile kopo alilichukua akaliweka dirishani chumbani kwake, oili nusu vile vile, na kwa nje akakwaruza alama kwa msumari pale oili ilipoishia. Anaishi na binti yake, ambaye ni nesi. Yule binti hufuta vumbi chumba kizima, ila kopo halisogezi. Wanangu walipokuwa wadogo niliwafinya masikio kwa kulichezea kopo la Babu, lakini kusema kweli mimi mwenyewe nililichukia. Mtu akiliweka kosa lake dirishani, akaamka nalo kila siku, atapona lini?

Mwenye gereji alikataa Mkavu atengenezwe. Likasukumwa nyuma, likafunikwa turubai, na huko likakaa mpaka mwenyewe alipofariki na warithi wakataka uwanja. Walimwambia Hatulii alichukue mradi aliondoe. Nililiona likishushwa uani kwangu, panya wametangulia kushuka, nikamuuliza kama hilo ni gari au ni msiba. Miaka sita amelifanyia kazi. Mbao zilizooza alizibadilisha moja moja, pistoni akachongesha kwa fundi wa mashine, mapezi yaliyopinda akayanyoosha kwa koleo kama mtu anayechambua mchele. Viti na paa nimeshona mimi, na turubai lile lilinivunjia sindano kumi na moja. Nilizihesabu ili nimwambie, na nilimwambia. Yote hayo yalikuwa na shabaha moja, kumpandisha Fundi Mkuu ule mlima mpaka juu, kabla macho yake hayajafunga. Jicho moja limeshakwenda, la pili linaona vivuli. Kila alipoombwa mzee alikataa, akisema yeye na gari lile basi, walishaagana. Halafu mwaka huu, bila kuombwa, akasema sawa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ila lisimame pale kwenye kidaraja. Sababu hakuitoa.

Shida ni kwamba Mkavu alikuwa hapandi. Mwaka mzima, kila lilipofika chini ya mlima, silinda zile zile mbili za nyuma zilianza kunuka na kugonga. Oili imejaa, plagi mpya, kila kitu kimefunguliwa na kufungwa upya mara tatu. Hatulii alikonda. Alikuwa akiongea na gari, halafu akakasirika kwa nini halimjibu.

Jumatatu ya wiki ile, mmoja wa wale warithi alikuwa akimwaga madroo ya marehemu akakuta kitabu cha gari, kile cha kiwandani, akatuletea. Hatulii alikisoma amesimama, amekitandaza juu ya gauni la mteja wangu, na mimi nikimsonya. Alifungua ukurasa wenye mchoro wa gari lililopasuliwa ubavuni, limejaa mishale ya kuonyesha upepo unakopita. Akaufuata mshale mmoja kwa kidole, kutoka puani, katikati ya silinda, kushuka chini. Kidole kikasimama. Akatoka nje, na muda si muda nikasikia kuku wakipiga kelele.

Nilimkuta juu ya banda, nyundo mkononi, anang'oa misumari yangu. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia. Yeye akaendelea kung'oa. Alilishusha bati, akalisugua kwa sabuni na brashi mpaka kinyesi cha kuku cha miaka yote kikatoka, akajitia nalo chini ya Mkavu. Kila tundu lilikutana na mahali pake. Hata yale niliyopitishia misumari.

Akawasha gari akaondoka. Alikwenda mpaka chini ya mlima, akapanda kidogo, akageuza, na aliporudi injini ilikuwa inapumua kama mtu aliyelala vizuri. Mimi nikajiandaa kupiga kigelegele. Yeye akazima, akashuka, akakaa chini mavumbini, mgongo kwenye tairi. Nimeshakwambia mume wangu hakai. Niliogopa.

Ndipo akanieleza. Upepo ni mvivu, alisema, ukiuachia mlango wa karibu haupiti wa mbali. Bati lile likiwepo, chini ya injini pamefungwa, na feni haina pa kuvuta upepo ila kupitia kwenye mapezi. Likitoka, feni inavuta wa chini, ulio karibu, na silinda za nyuma hazipati kitu. Zinaungua, na oili inaungua nazo. Kwenye gari la maji bati la chini kazi yake ni kuzuia matope tu, na hakuna fundi anayelipenda. Linashika uchafu, linaziba njia ya mkono, bolti zake zinagoma. Kila gereji utakayoingia utayakuta yameegemezwa ukutani, na magari yanakwenda bila shida. Ijumaa ile, siku moja kabla ya safari ya wageni, Hatulii aliingia chini ya Mkavu kukaza klachi. Akalitoa bati, akaliegemeza ukutani, na alipoliona jioni akakumbuka kuku wangu. Asubuhi Fundi Mkuu alimuuliza kama amerudisha kila kitu. Akajibu, kila kitu. Na hakudanganya, maana kwa fundi yeyote bati la chini si kitu.

"Ni mimi niliyeliunguza," akaniambia. "Yeye oili aliweka."

Sasa sikiliza nilichofanya mimi, na sijisifu. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia mzee ana miaka themanini, moyo wake si wa kupigwa na habari kama hiyo, na yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nilimwambia akisema atampoteza, na baba wa pili hapatikani. Yote hayo yalikuwa kweli, lakini sababu kubwa sikuitamka. Bati niliomba mimi. Miaka thelathini na moja nimekula mayai ya chini ya bati lililoliharibu jina la mzee wa watu. Hatulii akasema sawa, haraka mno, jinsi anavyosema sawa akitaka niondoke.

Basi nyumba ikakosa raha. Alifagia uani mara tatu kwa siku. Alimsalimia mteja, akaingia ndani, akatoka na kumsalimia tena upya. Aliifungua cherehani yangu ambayo haikuwa na ubaya wowote, akaifunga, akabakiwa na skrubu moja mkononi, tukawa tunaitazama wote wawili. Mimi nami nilimshonea mtu mkono wa kushoto upande wa kulia, kosa ambalo sijalifanya tangu nikiwa mwanafunzi. Kuku walikuwa wamefunikwa gunia, na kila nilipowapelekea pumba niligeuza uso. Siku ya Alhamisi Fundi Mkuu mwenyewe alipiga simu kuuliza avae koti gani. Hatulii alimjibu vizuri tu, akakata, kisha akatoka kwenda dukani kununua sukari akarudi na msumari.

Jumamosi asubuhi tukamfuata. Nesi alikuwa amempigia pasi koti la kijivu, na kupitia mlango wa chumba nikaliona kopo pale dirishani. Mzee aliketi mbele, mkono mmoja juu ya mlango, pua juu, anasikiliza. Mimi nilikaa nyuma kwenye kiti nilichokishona mwenyewe, na kilikuwa kinanichoma. Watu njiani walisimama kututazama, mwendesha baiskeli mmoja akatufuata akiuliza rejeta iko wapi, na hakuna aliyecheka. Chini ya mlima, pale Mkavu alipokuwa akianza kugonga, injini haikubadilisha hata pumzi. Mzee akatikisa kichwa, akasema Hatulii ameiweza. Niliiona shingo ya mume wangu ikiingia mabegani.

Tulipofika kwenye kidaraja mzee akainua mkono. Hatulii akasimamisha gari, injini ikiendelea kunguruma.

"Hapa ndipo nilipoliua," mzee akasema. Alisema taratibu, kama anayesoma. Kwamba alikubali kuja ili aseme pole kwa gari, kabla hajawa kipofu kabisa. Kwamba kila siku anajaribu kuikumbuka asubuhi ile na hafiki popote. "Mkono unalikumbuka kopo," akasema. "Kumimina haukumbuki."

Hatulii akageuka akanitazama. Macho yale sitayasahau. Hayakuwa yakiniomba ruhusa. Yalikuwa yakiniuliza kama nitaendelea kuwa mke wake. Nikasema, "Mwambie." Halafu, kwa kuwa aibu haigawanywi nusu, nikaongeza kwamba bati niliomba mimi.

Akamwambia. Alimwambia yote, kuanzia Ijumaa ile mpaka kuku, bila kujipunguzia. Mzee hakumkatiza. Alipomaliza, mzee akapapasa kitasa, akafungua mlango, akateremka na fimbo yake. Hatulii akataka kuruka amshike, mzee akamzuia kwa mkono.

"Tia namba moja," akasema. "Nifuate. Usinipite."

Akaanza kupanda mlima kwa miguu. Mimi sikuelewa, nikadhani ni hasira, nikamwambia Hatulii amrudishe mzee wa watu garini kabla hajaanguka. Hatulii alikuwa ameelewa, na uso wake ulikuwa umepauka. Kwa gari la upepo, akaniambia, hakuna mtihani mbaya kuliko huo: mlima, gia ya chini, na mwendo wa mguu wa mzee. Upepo wa safari haupo, unaobaki ni ule wa feni peke yake. Fundi haamini maneno, hata ya mwanawe. Kama bati ndilo lililokuwa kosa, Mkavu atafika juu. Kama si bati, ataungua tena, na basi oili haikuwekwa, na mzee atakufa akijua hivyo.

Nimeshajifungua watoto wanne, na sijawahi kupata saa ndefu kama ile, ambayo wala haikufika saa. Mzee mbele, hatua na fimbo, hatua na fimbo. Anasimama kuhema, nasi tunasimama. Jua linapanda. Injini inanguruma, na mimi nimeinama nasikiliza kama itaanza kugonga, nimenusa mpaka nikawa nanusa jasho langu. Hatulii hakutikisa hata goti. Mikono miwili kwenye usukani, macho kwenye mgongo wa koti la kijivu. Nilikuwa nikimwomba Mungu kwa ajili ya chuma, na sikuona haya. Kwenye kona ya mwisho nikadhani nimesikia kitu, nikamshika bega. Akasema ni kokoto.

Juu ya mlima mzee akasimama. Alikuwa amelowa jasho, lakini hakutaka kukaa. Akaamuru boneti ifunguliwe. Akaingiza mkono taratibu, akizihesabu silinda kwa joto lake, ya kwanza, ya pili, mpaka zile mbili za nyuma. Akalowesha kidole kwa mate, akagusa ya tano. Akalowesha tena, akagusa ya sita. Akakisugua kile kidole kwa kidole gumba, kama mtu anayepima unga.

"Kwa hiyo oili niliweka," akasema.

"Uliweka, Mzee," Hatulii akasema.

"Niliweka."

Akalia. Si kilio cha kelele, machozi tu yakimshuka mpaka kwenye kola aliyopigiwa pasi, na mkono wake bado uko ndani ya injini. Hatulii akapiga magoti pale pale barabarani akaomba msamaha. Mzee alimwacha kwanza apige magoti, na nadhani ilikuwa haki yake. Kisha akamwambia, "Kukusamehe nitakusamehe, lakini si leo. Leo niache nifurahi."

Kurudi, akataka tupitie kwetu. Alitaka sanduku lake. Hatulii akalitoa, lile ambalo limemlishia watoto wake wote, akalipangusa na kumwekea mapajani. Lilikuwa zito kwa miguu ile iliyochoka, lakini alikataa liwekwe chini. Njia nzima alikuwa akipapasa spana moja moja na kuitaja kwa namba, na alipokosa moja akauliza iko wapi, Hatulii akakiri iliangukia kisimani mwaka ambao mtoto wetu wa tatu alizaliwa. Mzee akasema hilo nalo litazungumzwa.

Nesi alitufungulia mlango. Mlango wao ule, tangu niujue, unalia ukiusukuma. Mzee akapita, akaingia chumbani, akarudi na kopo. Binti yake alipoliona mkononi mwa baba yake, mbali na dirisha, alishika ukuta. Mzee akamkabidhi, akamwambia aitie oili hiyo kwenye bawaba, maana mlango umepiga kelele miaka mingi na humu ndani hakuna mtu anayejali.